Windows 10 imekoma: ubaki, upandishe, au ubadilishe diski kwanza?

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, maswali yanayotufikia kutoka Mtwara na Lindi yana mzizi mmoja: kupanda kwenda Windows 11 au kubaki. Tumechagua sita.

Ombi moja kabla ya yote. Kila jibu hapa chini linachukulia kwamba mafaili yako tayari yako kwenye diski ya nje, na diski hiyo umeichomoa. Nakala iliyoko sehemu ya D ya diski ileile si nakala. Diski ikifa, C na D huzikwa pamoja.

Fundi anataka kuipitisha Windows 11 kwa nguvu

*Natumia laptopu ya mtumba, Core i5-6300U, RAM GB 8, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Inawaka kwa kujivuta, na sasa inaleta ujumbe kwamba huduma imekwisha. Fundi anasema prosesa haikubaliki lakini anajua njia ya kuipitisha Windows 11. Nimruhusu? (Msomaji, Shangani, Mtwara)*

Usimruhusu. Ngoja kwanza tusome namba ya prosesa yako, maana ndiyo inayoamua mengi. Tazama tarakimu zilizo baada ya kistari. Zikiwa nne na hazianzi na 1, ya kwanza ndiyo kizazi: 6300U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8. Zikiwa tano, au nne zinazoanza na 1, chukua mbili za mwanzo: 10210U ni kizazi cha 10, 1135G7 ni cha 11. Orodha ya Microsoft ya Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache mno za nyuma yake. Yako haimo.

Njia anayoisema fundi ipo kweli, na Windows 11 itawaka. Shida inakuja baadaye. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa hivyo, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe: itabidi lipitishwe tena kwa flashi, kwa hila ileile. Kila mwaka utarudi kwa fundi, na utalipa tena.

Lakini kinachokusumbua leo si Windows, ni diski. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua palipoandikwa Performance, kisha utazame mstari wa Disk dakika chache baada ya kuwasha. Ukiukuta umeng'ang'ania asilimia 100 nawe hujafungua kitu, umempata mchawi. Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husoma vipande vidogovidogo mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya SATA, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, husoma makumi ya maelfu, na Windows kazi yake kubwa wakati wa kuwaka ni kusoma vipande vidogovidogo. Windows 11 juu ya diski hiyohiyo itakuwa nzito zaidi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye SSD. Inayoingia mahali pa diski ya laptopu ni ya SATA, inchi 2.5, unene wa milimita 7, GB 240 au 256. Ukifungua kava ukaona pia nafasi ndefu nyembamba ya M.2, usinunue kabla ya kujua inapokea aina gani, SATA au NVMe. Kipande cha M.2 cha SATA huwa na pengo mbili kwenye meno yake, na cha NVMe kwa kawaida huwa na pengo moja. Vinaweza kuingia vizuri, bisibisi ikakaza, na kompyuta isivione kabisa. Ukinunua SSD ya bei ya kushangaza, ijaze data kwa programu ya H2testw kabla ya kuitumia. Zipo zinazojiandika GB 500 huku ndani mna robo yake, na utajua siku picha zako zitakapoanza kugoma kufunguka.

RAM ya GB 8 inatosha, usiongeze. Ila kava likiwa wazi, chomoa RAM uitazame meno. Hewa ya chumvi ya pwani huyapaka ukungu, na ukungu huo ndio chanzo cha laptopu nyingi za Mtwara na Kilwa kuwaka feni bila picha. Futa kwa raba safi ya penseli, kisha kwa kitambaa chenye tone la spiriti, uache ikauke kabisa. Chaja iwe imechomolewa, na betri pia kama inatoka.

Kuhusu ujumbe wa huduma kwisha: Microsoft imeongeza masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha. Hakikisha una toleo la 22H2 (andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia uone), ingia kwa akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya msimamizi, kisha nenda Settings, Update & Security, Windows Update. Kiungo cha kujiandikisha kipo upande wa juu kulia au chini ya kitufe cha kutafuta masasisho. Utapewa njia tatu: kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti, ambayo haina malipo, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30. Chagua ya kwanza. Akaunti moja inatosha mashine 10. Unachopata ni viraka vya usalama tu, hakuna kipya kingine, na ndicho unachokihitaji.

Muda huo ukikaribia kwisha utakuwa umeweka akiba ya laptopu ya kizazi cha 8, na SSD yako utaihamisha. Ukienda kununua, usinunue kwa jina. ThinkPad T480, kwa mfano, ilitoka na prosesa za kizazi cha 7 na cha 8, kava lilelile, bei ya dukani ileile. Iwashe, soma namba, ndipo utoe fedha.

Mashine ni mpya kiasi lakini inakataliwa

*Yangu ni Core i5-8250U, SSD GB 256, RAM GB 8. Programu ya Microsoft ya kupima inasema haina Secure Boot. Je, ni mbovu? (Msomaji, Lindi Mjini)*

Si mbovu. Secure Boot ni ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka. Inaelekea aliyekupigia Windows 10 aliipiga kwa mtindo wa zamani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utazame BIOS Mode. Ikisomeka Legacy, ndiyo hiyo. Fanya hivyohivyo kwa tpm.msc uone toleo la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Likiwa 2.0 sawa. Ikisema haipo, kwenye mashine ya kizazi cha 8 mara nyingi imezimwa tu ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), na huitwa Intel PTT.

Kosa linalowaumiza wengi ni kukimbilia BIOS na kuwasha UEFI, mtindo mpya wa kuwaka, papo hapo. Diski bado imegawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani, UEFI haiioni, na skrini inasema hakuna diski ya kuwashia. Likikukuta usipige tena Windows: rudisha Legacy, itawaka kama ilivyokuwa. Mpangilio ni huu: diski kwanza, BIOS baadaye.

Tafuta Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague kuiendesha kama msimamizi. Andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, andika:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Kama BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski nzima) imewashwa, isimamishe kwanza. Amri ya kwanza haibadilishi kitu, inapima tu. Ikikataa, sababu ya kawaida huku kwetu ni D iliyotengenezwa kama kizigeu (sehemu ya diski) cha ziada chenye vizigeu vingine ndani yake. Amri hii inataka vizigeu vikuu visivyozidi vitatu na hicho cha ziada kisiwepo. Hamisha vilivyomo D, kifute kizigeu hicho ndani ya Disk Management, rudia kupima. Ikimaliza kubadilisha, zima, ingia BIOS (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad), weka UEFI, zima Legacy au CSM, washa Secure Boot, hifadhi. Windows 10 ikiwaka salama, rudi ukapime tena.

Na kama hujui Windows yako ni halali, andika slmgr /xpr kwenye Command Prompt. Ikikujibu kwa tarehe ya kwisha isiyozidi siku 180 mbele, kwenye laptopu ya nyumbani, hiyo ni ya kukraki. Programu za kukraki nyingi hukutaka uzime ulinzi wa Windows kwanza, na anayekutaka ufungue mlango wa nyumba usiku hana nia njema. Huenda hata huihitaji. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au 10 zina namba ya leseni ndani ya BIOS yenyewe. Kwenye Command Prompt ya Windows 10 andika:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Namba ikitokea, hiyo ni mali yako, ulishailipia uliponunua mashine. Mara nyingi ni ya Windows Home, na fundi aliyeng'ang'ania kuweka Pro ndiye aliyekufanya uonekane huna leseni. Windows 10 halali ikipanda kwenda 11, hailipiwi.

Windows 7, RAM GB 2

*Ni kompyuta ya mezani, Core 2 Duo, tunaitumia nyumbani kwa barua na kwa watoto kusoma. Tovuti nyingi sasa hazifunguki. Tuweke Windows ipi? (Mwalimu, Nachingwea)*

Shikamoo, Mwalimu. Hakuna Windows ya kuweka hapo. Windows 7 iliachwa tangu 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni 109, ya mwaka 2023, ndiyo maana tovuti zinakukataa. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, hivyo haiwaki hata kwa nguvu.

Weka Linux Mint, ile ya Xfce. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, bure. Kiwango chake cha chini ni RAM GB 2, lakini kivinjari peke yake kitazimaliza, kwa hiyo ongeza zifike 4. Usinunue RAM kwa kukadiria. Chomoa iliyopo uende nayo dukani, maana DDR2 na DDR3 zina pengo mahali tofauti na haziingiliani. Faili la kupakua ni karibu GB 3, na flashi ya GB 4 inatosha. Ukiitengeneza flashi kwenye hiyohiyo Windows 7, tafuta Rufus 3.22, kwa sababu matoleo yaliyofuata hayafanyi kazi humo. Kabla ya kuchoma, linganisha alama ya faili na ile ya tovuti ya Mint:

certutil -hashfile jinalafaili.iso SHA256

Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Kisha iwashe kwa flashi bila kusakinisha. Itafanya kazi polepole, lakini utajua kama sauti, intaneti na printa vinaitika. Vikiitika, sakinisha.

Steshenari ya kompyuta mbili

*Tunachapa, tunatengeneza kadi za harusi kwa Publisher, na printa yetu ni HP LaserJet P1102. Jirani anatushauri tuhamie Linux kuepuka gharama. (Wasomaji, Masasi)*

Ushauri wa jirani ungefaa nyumbani, dukani kwenu unaharibu kazi. Publisher haifanyi kazi Linux, na LibreOffice Draw ikifungua faili la Publisher hulisogeza maandishi na kubadili herufi. Kadi mteja aliyoidhinisha jana leo itatoka imepinda. Printa hiyo nayo Linux huipokea, ila hudai kipande cha ziada cha HP kinachopakuliwa kwa intaneti siku ya kwanza.

Hata hivyo jiandaeni, kwa sababu Microsoft imetangaza kuifunga Publisher yenyewe Oktoba 2026. Kila kadi na kila fomu mnayoirudia ihifadhini sasa pia kama PDF, na zile za kuhaririwa mara kwa mara zianzeni upya kwenye Word au programu nyingine. Ukiwa na mafaili mia tatu ya Publisher, hiyo ni kazi ya miezi, si ya wiki ya mwisho. Office 2016 na 2019 nazo ziliachwa siku ileile ya Windows 10.

Kwa nini basi tunawaambia ninyi mpande mapema kuliko msomaji wa nyumbani? Flashi za wateja. Mashine inayochomekwa flashi arobaini kwa siku haiwezi kukaa bila viraka. Mtasikia kwamba ulinzi wa Defender unaendelea kupokea orodha ya virusi kwenye Windows 10 hadi 2028. Ni kweli, lakini orodha hiyo humtambua mwizi anayejulikana tu. Haizibi tundu alilopitia.

Pandisheni mashine moja, nyingine ibaki. Kabla ya hapo chunguzeni vitu viwili. Windows 11 ni ya biti 64 tu, hivyo draiva ya biti 32 ya printa au skana haitakubali: tafuteni ya biti 64 kwenye tovuti ya mtengenezaji na muihifadhi kwenye flashi. Programu za kale kabisa, za biti 16, hazitafunguka kabisa. Na msifanye hivi msimu wa korosho unapochanganya, au wiki ya mitihani. Fanyeni Jumapili jioni, chapeni kurasa kumi za aina tofauti, scan moja, kadi moja ya harusi, na mkiridhika kwa siku chache ndipo mgeukie ya pili.

Bando na umeme

*Kupandisha kunakula GB ngapi? Na umeme ukikatika katikati? (Msomaji, Kilwa Masoko)*

Tenga zaidi ya GB 5 za bando. Ukiiachia Windows ipakue yenyewe kupitia simu, ikikatika njiani unaweza kulipa mara mbili. Afadhali upakue faili zima la ISO, lenye Windows 11 yote ndani, mahali penye intaneti nzuri, ulibebe kwa flashi. Flashi iliyofomatiwa FAT32 italikataa, ikidai faili ni kubwa mno, kwa sababu mwisho wake ni GB 4 kwa faili moja. Ifomati exFAT au NTFS. Nyumbani, nakili ISO ndani ya kompyuta, ibofye mara mbili, endesha setup. Kabla ya kuendelea utakuta chaguo la kubadili jinsi inavyopakua masasisho. Chagua isipakue kwa sasa. Mwisho chagua kubakiza mafaili na programu. Diski iwe na GB 30 tupu.

Laptopu yenye betri nzima haina shida na umeme. Ya mezani ndiyo ya kuogopa. UPS ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuzima kwa adabu, na kazi hii inapita nusu saa kwenye SSD na saa nzima au zaidi kwenye diski ya sahani. Umeme ukikatika, mara nyingi Windows hurudi yenyewe kwenye ile ya zamani ukiwasha. Usilazimishe. Skrini ikiwa nyeusi lakini taa ya diski inapepesa, inafanya kazi, iache.

Usipoipenda Windows 11, una siku 10 za kurudi 10 kupitia Settings, System, Recovery. Ndani ya siku hizo unaweza kuziongeza ziwe 60, kwa Command Prompt ya msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Usifute folda ya Windows.old wakati huo. Ndiyo njia yako ya kurudi.

Skrini ya bluu inadai namba ya tarakimu 48

*Baada ya fundi kugusa BIOS, Windows 11 inadai namba ndefu ya BitLocker. Sijawahi kuweka namba yoyote. (Msomaji, Newala)*

Hukuiweka wewe. Windows 11 ikipigwa upya na mwenyewe akaingia kwa akaunti ya Microsoft, toleo la 24H2 mara nyingi huifunga diski kimyakimya na kuipeleka namba kwenye akaunti hiyo. Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti iliyotumika siku mashine ilipoanzishwa, ulinganishe herufi 8 za mwanzo za Key ID na zilizo kwenye skrini.

Huikumbuki akaunti? Mwambie fundi arudishe BIOS ilivyokuwa, hasa Secure Boot na mpangilio wa kuwashia. Diski hujifunga ikiona mabadiliko, na yakiondolewa huweza kufunguka yenyewe. Ila kama alifuta TPM, njia hiyo imekufa. Na asiguse kitufe chochote cha kufuta diski kabla hujamuuliza kila aliyewahi kuingia kwenye laptopu hiyo, akiwemo aliyekuuzia, maana namba inaweza kuwa kwenye akaunti yake.